Jumba Lililozama Kidogo Kidogo

Safari hii tunawaalika mvuke bahari pamoja nasi mpaka San Francisco, mji mkubwa wa Marekani ulio upande wa machweo ya jua. Hatuwapeleki kutazama daraja lake jekundu linalojulikana dunia nzima, wala magari yake madogo yanayovutwa mlimani kwa kamba ya chuma, ingawa vyote hivyo vyastahili kutazamwa. Twawapeleka kwenye pembe moja tu, mahali njia mbili zinapokutana, ili tusimame kando na kutazama chini. Kwa maana habari tunayotaka kuwasimulia haiko juu, macho ya wageni yanakokimbilia. Iko chini ya nyayo za miguu yetu.

Tulifika asubuhi, ukungu wa bahari ukiwa bado umefunika vichwa vya majumba. Tukafuata njia iitwayo Mission. Jina hilo si jina la bure. Zamani ndiyo njia iliyowapeleka watu kutoka pwani hadi misioni iliyoanzishwa na watawa Wafransisko mwaka 1776, na mji wenyewe unaitwa kwa jina la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kanisa dogo la misioni ile lingalipo hata leo. Lilimalizika kujengwa mwaka 1791. Kuta zake ni nene, za matofali ya udongo yasiyochomwa, nalo halikuanguka katika tetemeko kuu la nchi la mwaka 1906, lililobomoa na kuunguza sehemu kubwa ya mji. Tulikuwa tumelizuru siku iliyotangulia, nalo lilikuwa bado katika fikira zetu tulipofika pembe ya Mission na Fremont, mbele ya jumba tulilolijia.

Jina la jumba hilo ni Millennium Tower. Lina ghorofa 58, na kimo chake ni meta 197, kama michikichi mirefu kumi iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Lilimalizika mwaka 2009. Ndani yake mna nyumba za kukaa zaidi ya 400, na waliozinunua ni watu wenye mali, baadhi yao wazee waliotia humo akiba ya kazi ya maisha yao yote. Ukungu ulipoinuka, kuta zake za vioo zikaanza kumetameta, nasi tukakunja shingo kuutafuta ule mwinamo tuliokuwa tumeusikia tangu mbali. Hatukuuona.

Tusistaajabu. Wakati lilipokuwa limeinama kuliko wakati wote, kilele cha jumba kilikuwa kimetoka mahali pake kwa sentimeta zaidi ya 70. Kwa mhandisi hizo ni nyingi. Lakini zikigawanywa katika meta 197, jicho haliwezi kuzipata. Kama mwimo wa mlango wa nyumba yako, wenye urefu wa meta 2, ungeinama kwa kadiri hiyo hiyo, ncha yake ya juu ingekuwa imesogea upande kwa kiasi kisichofika sentimeta moja. Fundi mwenye timazi angeuona upungufu huo. Mpita njia asingeuona.

Nchi iliyokuwa bahari

Ili kuufahamu ugonjwa wa jumba hili, yatupasa kwanza kuuliza habari za mahali lilipojengwa. Dhahabu ilipovumbuliwa katika nchi ya California mwaka 1848, watu maelfu kwa maelfu walikimbilia huko. Merikebu zilitia nanga katika hori ndogo iliyokuwa mbele ya mji, na mabaharia wengi wakaziacha hapo hapo, wakaenda kuchimba dhahabu kama wenzao. Wenyeji walihitaji nafasi ya kujenga. Basi wakaijaza hori ile kwa mchanga na takataka, na merikebu kadha wa kadha zilizoachwa zikafukiwa humo humo. Hivyo ndivyo pwani ilivyosogezwa mbele. Pembe ile tulipokuwa tumesimama, penye njia ya mawe na maduka, ilikuwa maji matupu.

Tungaliweza kuikata ardhi ya mahali hapo kama mkate, tungaliona tabaka baada ya tabaka. Juu kuna kifusi cha watu wale wa dhahabu. Chini yake kuna matope laini ya bahari. Halafu mchanga ulioshikamana, mgumu kiasi. Chini ya mchanga kuna tabaka nene ya udongo wa mfinyanzi wa zamani sana, uliojaa maji. Na chini kabisa, kina cha meta 60 na zaidi, kuna mwamba. Wataalamu wa mawe wameupa mwamba huo jina la Kifransisko, kwa kuufuata mji. Na hivyo jina la maskini yule wa Asizi limeshuka mpaka chini ya ardhi.

Waliojenga walikita nguzo za betoni zaidi ya 900, wakazifunika kwa jamvi la betoni lenye unene wa meta 3, na juu ya jamvi hilo wakaziinua ghorofa zote 58. Lakini nguzo hizo hazikufika mwambani. Ziliishia katika ule mchanga. Msidhani kwamba jambo hilo lilikuwa la wizi au la siri. Katika mji huo yako majumba mengine marefu yanayosimama juu ya mchanga bila kudhurika, na serikali ya mji ilitoa ruhusa ya kujenga. Lakini jumba hili lilijengwa kwa betoni, nalo lilikuwa zito kuliko kama lingalijengwa kwa mifupa ya chuma. Mchanga uliustahimili uzito wake. Aliyeshindwa ni jirani wa chini, yaani udongo wa mfinyanzi.

Mama zetu wanalijua jambo hili kuliko wanavyodhani. Chukua muhogo uliolowekwa, uutie ndani ya gunia, uweke jiwe zito juu yake. Gunia halipasuki, wala jiwe halianguki. Lakini maji huanza kuchuruzika tone kwa tone, na gunia huzidi kuwa bapa, leo kidogo, kesho kidogo. Udongo wa mfinyanzi hufanya vivyo hivyo ukibanwa. Ila maji yake hupita katika vijia vyembamba sana, basi kazi inayochukua siku mbili katika gunia la muhogo huchukua miaka mingi chini ya jumba.

Wahandisi walijua kwamba jumba litashuka, kwa kuwa kila jumba kubwa hushuka kidogo. Walikuwa wamehesabu sentimeta 10 hadi 15 hivi kwa maisha yake yote. Kumbe, kufikia mwaka 2016, lilikuwa limekwisha kushuka sentimeta 40 hivi. Na tena halikushuka sawasawa. Upande wa kaskazini na upande wa magharibi ilizama zaidi, basi jumba likawa linainamia pembe ile ile ya Mission na Fremont.

Hofu ya wenye nyumba

Wenye nyumba walipewa habari hiyo mwezi wa Mei mwaka 2016, na miezi mitatu baadaye ikatangazwa magazetini. Fikirini hali yao. Mtu amelala kitandani mwake ghorofa ya 40, anasikia kila kelele ya ukuta, anajiuliza kama ni upepo au ni msingi. Wengine waliweka gololi sakafuni kutazama zitabingirika upande gani. Nyufa zilionekana katika kuta za vyumba vya chini ya ardhi. Mwaka 2018 kioo cha dirisha moja la ghorofa ya 36 kilipata ufa, na watu wakazidi kuogopa. Waliotaka kuuza hawakupata mnunuzi ila kwa hasara kubwa. Wahandisi waliotumwa kuchunguza walisema jumba ni salama, halitaanguka, hata nchi ikitetemeka. Lakini neno la mtaalamu haliondoi hofu upesi, wakati sakafu yenyewe inashuhudia kinyume.

Ndipo yakafuata mashitaka. Wengine walisema kosa ni la msingi usiofika mwambani. Wengine walisema kosa ni la jirani. Maana kando ya jumba lilichimbwa shimo kubwa kwa ajili ya kituo cha mabasi kilichofunguliwa mwaka 2018, na ili shimo lisijae, maji ya chini ya ardhi yalivutwa kwa pampu. Udongo unaopungukiwa maji hupungua mwili. Sisi si waamuzi wa shauri hilo. Pande zote zilipatana mwaka 2020 mbele ya wasuluhishi, na masharti ya mapatano yao hayakutangazwa. Neno moja ndilo lililojulikana wazi: fedha zimepatikana za kulitibu jumba, karibu dola milioni 100.

Dawa iliyoumiza

Sasa tuuulize swali ambalo kila fundi angeuliza. Jumba la ghorofa 58 lenye watu ndani yake hutengenezwaje msingi? Huwezi kulibomoa, kwa sababu ni makao ya watu. Huwezi kuliinua kama kapu. Huwezi kuingia chini yake na sepeto, kwa kuwa kila konzi ya udongo unayoitoa ni sehemu ya kitu kinacholibeba.

Mhandisi Ronald Hamburger ndiye aliyeutunga mpango. Alikusudia kushusha nguzo mpya 52 nje ya jumba, chini ya njia ya waenda kwa miguu, upande wa kaskazini na wa magharibi tu, yaani pande zile mbili zilizozama zaidi. Kila nguzo ni bomba nene la chuma lililojazwa betoni, nayo ingepita kifusi, matope, mchanga na udongo wa mfinyanzi, hata iingie ndani ya mwamba, kina cha meta 75 hivi. Halafu jamvi la zamani lingerefushwa mpaka njiani, na sehemu ya uzito wa jumba ingepokewa na nguzo hizo. Pande mbili zilizozama zikishikwa, nazo pande nyingine mbili zikiachwa zishuke pole pole, baada ya miaka mingi jumba lingejinyosha lenyewe. Twaona jinsi fikira hiyo ilivyo nzuri. Hailazimishi jumba kusimama. Inalizuia upande mmoja na kulingoja upande mwingine.

Kazi ilianza mwishoni mwa mwaka 2020. Njia ikafungwa, mashine kubwa zikaletwa, na mabomba yakaanza kushuka. Lakini vipimo vilivyowekwa jumbani vilitoa habari mbaya. Badala ya kupumzika, jumba lilizama upesi kuliko zamani. Katika miezi michache ya mwaka 2021 kilele kilichokuwa kimesogea sentimeta 43 hivi kikafika sentimeta 56 hivi. Dawa ilikuwa inamzidishia mgonjwa maradhi.

Hapa ndipo tulipotaka kuwafikisha, wasomaji wapenzi. Mwezi wa Agosti mwaka 2021 wahandisi walisimamisha kazi. Lisemwe upesi, neno hili ni jepesi. Lakini tulipime vizuri. Kazi ya dola milioni 100 imekwisha kuanza. Magazeti yanaandika kila wiki. Wenye nyumba wamechoka kungoja. Waliotunga mpango wametia sahihi zao chini yake. Wakati kama huo moyo wa mtu humwambia, Endelea tu, tukifika mwisho mambo yatatengenea. Mara ngapi tumeona kazi iliyoharibika kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema, Tuache kwanza, tutazame! Wao waliacha, wakatazama.

Waliona nini? Kwanza, mtikisiko wa mashine ulikuwa unausumbua udongo ulio karibu kabisa na msingi wa jumba. Pili, bomba likishushwa, udongo ulio ndani yake hutolewa. Na ukitolewa zaidi ya nafasi ya bomba lenyewe, ule wa kando huingia kujaza pengo, na kilichoegemea juu yake hushuka. Shimo moja halidhuru sana. Mashimo mengi, mfululizo, upande ule ule ulio mgonjwa, yanadhuru.

Basi walijaribu tena kwa nguzo chache, polepole, vipimo vikisomwa wakati wote. Wakabadili namna ya kuchimba ili udongo usitolewe ovyo. Kisha wakaleta shauri jipya: nguzo zisiwe 52, bali 18, na kila moja ibebe uzito mwingi zaidi. Tazameni busara iliyofichwa humo. Mtu angefikiri kwamba nguzo nyingi ndiyo nguvu nyingi. Lakini kila nguzo ilikuwa na bei yake, wala si bei ya fedha tu. Ilikuwa jeraha katika udongo. Nguzo 18 zilizo imara, zenye majeraha machache, zilikuwa bora kuliko 52. Serikali ya mji ikawapa wataalamu wengine kazi ya kuzichunguza hesabu hizo, ikakubali. Hata hivyo jumba liliendelea kuinama kidogo kidogo kazi ilipokuwa inaendelea, mpaka kilele kikapita sentimeta 70, nao wakazidi kupima na kwenda taratibu.

Siku ya kuupokea uzito

Nguzo ikifika mwambani, kazi haijaisha. Bado haibebi kitu. Imesimama tu kama mtumishi asiyepewa mzigo. Ni lazima uzito uhamishwe kutoka udongoni uingie katika nguzo, na kazi hiyo ilifanywa kwa jeki. Mmemwona dereva aliyepasukiwa na gurudumu. Huweka jeki chini ya motokari, hupiga mkono wake, na uzito wa gari hutoka gurudumuni ukaja juu ya jeki. Hapa ni vivyo hivyo, ila kila nguzo ilipewa mzigo wa tani 450 hivi. Kwa nguzo 18, jumla ni tani 8,000 zilizoondolewa juu ya udongo uliochoka na kuwekwa juu ya mwamba.

Haikufanywa mara moja. Mafundi walianza na nguzo za upande wa njia ya Mission, ndipo zile za Fremont, wakipandisha nguvu hatua kwa hatua na kusoma vipimo baada ya kila hatua. Kazi hiyo ilitimia mwaka 2023. Kuzama kwa pande zile mbili kukasimama, na kilele kikarudi nyuma kwa kadiri ndogo, karibu upana wa kidole. Upana wa kidole baada ya miaka mingi ya kazi na mamilioni ya dola! Mtu mwenye haraka angecheka. Lakini jambo kubwa si kidole kile; jambo kubwa ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu lijengwe, jumba lilisogea upande unaofaa. Upungufu uliosalia wauachia miaka, na vipimo havikuondolewa.

Ng'ambo ya pili ya njia, tulipogeuza macho, tulikiona kilele cha mnara mwingine mrefu zaidi, uitwao Salesforce Tower, uliomalizika mwaka 2018, wenye meta 326. Huo ulishushwa mpaka mwambani tangu siku ya kwanza. Mashina hayo mawili yanatazamana, mmoja ulioanzia mwambani na mwingine uliofika huko baadaye kwa taabu. Kila Mkristo atakumbuka mfano wa Bwana wetu juu ya wale wajenzi wawili, wa mwambani na wa mchangani. Sisi nasi tuliukumbuka. Lakini mahali pale ulitufundisha jambo ambalo hatukuwa tumelifikiri bado: hata aliyekosea msingi anaweza kuutafuta mwamba, ikiwa anakubali kupimwa na kungoja.

Ndugu yake wa Pisa

Jumba la San Francisco si la kwanza kuugua ugonjwa huu, wala wahandisi wake si wa kwanza kuumizwa na dawa yao wenyewe. Katika nchi ya Italia uko mnara wa kengele wa kanisa kuu la Pisa, ambao pengine mmeuona katika picha. Ulianza kujengwa mwaka 1173, na kabla ya kufika nusu ulikwisha anza kuinama, kwa maana huko nako chini kuna udongo laini. Kwa sababu ya vita kazi ikaachwa karibu miaka mia, ndipo ikaanza tena mwaka 1272. Watu wanaojua habari za udongo husema kwamba kuachwa huko ndiko kulikouokoa mnara. Udongo ulipata nafasi ya kujibana na kukaza. Wangaliendelea bila kupumzika, mnara ungalianguka zamani.

Mwaka 1990 ulifungwa kwa kuogopa ajali. Wataalamu wa nchi mbalimbali walikusanyika, na kwanza wakaweka mizigo ya risasi upande wa kaskazini ili kuuzuia. Mwaka 1995 walitaka kutia nyaya za kuushika kutoka chini, wakaugandisha udongo kwa baridi kali ili wachimbe bila maji. Mara mnara ukaanza kusogea kusini, upande wa hatari. Wakaacha, wakaongeza risasi, wakaurudia mpango wote tangu mwanzo. Mwishowe walichagua njia nyingine kabisa: kwa mirija myembamba walitoa udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, upande ule ulioinuka, ili mnara ujikalie wenyewe. Ulirudi sentimeta 45 hivi, na mwezi wa Desemba mwaka 2001 watu wakaruhusiwa kuupanda tena. Hawakuunyosha kabisa. Walitaka usianguke, na bado uwe mnara wa Pisa.

Linganisheni habari hizi mbili. Huko Pisa udongo ulitolewa upande ulioinuka. Huko San Francisco nguzo zilitiwa upande uliozama. Njia ni mbili, lakini fikira ni moja: usishindane na jengo zito, bali lipatie nafasi ya kurudi lenyewe. Na pote pawili ilikuwa lazima kwanza kukiri kwamba kazi iliyoanzwa kwa nia njema inadhuru.

Nasi tunaojenga nyumbani

Labda mtasema, Hayo ni mambo ya watu wenye majumba ya ghorofa 58. Sisi tunajenga nyumba ya vyumba vitatu. Ni kweli. Lakini udongo haujui tofauti ya tajiri na maskini. Wale wanaokaa katika milima ya Bukavu wanajua jinsi nchi inavyoporomoka wakati wa mvua kubwa, na wale waliojenga mahali palipokuwa bwawa wanajua jinsi mlango unavyokataa kufungwa baada ya mwaka wa pili. Kwa hiyo tumechukua kutoka pembe ile ya mbali mambo machache yasiyohitaji mashine.

La kwanza, uliza habari za kiwanja. Wazee wa mahali hukumbuka kama palikuwa na bwawa, au mfereji uliofukiwa, au shimo la takataka. Kisha chimba shimo moja la kujaribu, utazame kwa macho yako tabaka zilizomo, usiridhike na ugumu wa juu. La pili, yaongoze maji mbali na ukuta. Maji ya paa yakianguka daima kando ya msingi, upande huo utalainika, na nyumba itainamia huko. La tatu, ukiona ufa, usikimbilie kuupaka chokaa. Chukua kalamu, weka alama kwenye ncha zake mbili, uandike tarehe. Mwezi ujao rudi utazame. Ufa uliolala ni kovu tu. Ufa unaotembea ni mjumbe. Na ukutundikie timazi mahali pale pale kila mara, uandike kipimo. Wahandisi wa San Francisco wana vyombo vya bei kubwa, lakini kazi ya vyombo hivyo ni hiyo hiyo: kutazama leo, kuandika, na kutazama tena.

La nne ndilo gumu kuliko yote. Fundi wako akikuambia, Bwana, tusimame, kuta zinashuka, usimkasirikie. Mshukuru. Na kama wewe ndiwe fundi, sema neno hilo mapema, ijapokuwa umekwisha pokea nusu ya ujira wako.

Mchana ule tuliiacha pembe ya Mission na Fremont. Watu walikuwa wakipita kwa haraka, wengine na vitabu, wengine na vikapu, na mtoto mmoja aliyeshikwa mkono na mama yake aliruka juu ya mstari wa njia. Chini yao nguzo 18 zilikuwa zimebeba tani zake, katika giza, bila jina wala bendera. Hakuna aliyetazama chini. Nasi tulidhani kwamba hiyo ndiyo sifa kubwa ya msingi uliotengenezwa vizuri: watu hupita juu yake na kuusahau.